Usiku Anga Lilipomngoja Mgeni Rasmi

Sitawachosha na habari za njiani. Nilikwenda, nikachubuka visigino, nikafika. Ninachotaka kuwaeleza ni nchi yenyewe ya Rasmia na mambo niliyoyashuhudia huko, maana nimechoka kusikia majirani zangu wakinong'onezana kwamba natia chumvi. Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na minane, na kazi ile haitaki maneno ya kuongeza. Nitasema nilichokiona. Atakayebisha na abishe.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni daraja. Mji mkuu wa Rasmia umekatwa na mto, na juu ya mto kuna daraja la mawe, imara, pana kiasi cha mikokoteni miwili kupishana. Chini ya daraja hilo niliwakuta wenyeji wamekunja suruali na kanga mpaka mapajani, vikapu vichwani, wanavuka mto kwa kuteleza na kushikana. Bwana mmoja alikuwa amesimama katikati ya maji, ameegemea nguzo ya daraja, anavuta pumzi.

"Kwani hili daraja bovu?" nikamuuliza.

"Bovu? Daraja hili kaka yangu alilijenga, mama. Halitikisiki."

"Basi mbona mnavuka chini yake?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanamke anayeniuliza mimba imeingiaje. "Halijazinduliwa," akasema.

Hiyo ndiyo sheria mama ya Rasmia: kitu hakipo mpaka mgeni rasmi akizindue. Kisima kisichozinduliwa hakina maji, hata kikifurika mpaka barabarani. Mvua inayonyesha kabla ya ufunguzi wa msimu huitwa unyevu, na anayelowa haruhusiwi kulalamika. Nilioneshwa mtoto wa miezi kumi na moja, meno manne, anatembea kwa kushika ukuta, na wazazi wake wanamwita "matarajio yetu," kwa kuwa mgeni rasmi wa uzazi wa mtaa ule alipata udhuru. Hapo nilipandwa na hasira. Nikawaambia nimepokea watoto zaidi ya elfu mbili kwa mikono hii, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama meza kuu imeshakaa. Wakanisikiliza kwa adabu sana. Yale matarajio yakaninyang'anya kilemba, yakakitafuna.

Gereza hawana. Mwanzoni nikadhani ni watu wapole, kumbe wana adhabu mbaya zaidi. Katika kila mkutano wa Rasmia, uwe wa harusi au wa kugawana mbegu, husomwa orodha ya salamu, na kila aliyehudhuria hutajwa kwa jina na cheo, kuanzia meza kuu hadi anayechunga viatu mlangoni. Kwetu msemaji akichoka husema "itifaki imezingatiwa," akaendelea na hotuba yake. Huko Rasmia neno hilo ni kosa la jinai. Sasa, mtu akivunja sheria kubwa, jina lake hufutwa kwenye orodha. Hapigwi, hafukuzwi. Anabaki palepale kwake, ila hayupo. Akibisha hodi, walio ndani huambiana ni upepo. Akipika pilau, majirani husifu harufu na kuulizana imetoka wapi.

Nilifikia kwa mjane mmoja wa miaka sabini na mmoja, jina lake Bi Kijoli, msusi wa pama. Pama ni ile kofia pana ya ukindu, na huko Rasmia ni vazi la lazima kuanzia jua linapozama, kwa sababu anga la usiku nalo halijazinduliwa. Hufunguliwa usiku mmoja tu kila baada ya miaka ishirini na saba, usiku wa mvua ya vimondo, pale nyota zinapochomoka na kukata mbingu kwa mamia. Kukipambazuka anga hufungwa tena kwa neno la shukrani. Siku nyingine zote Mrasmia akitoka nje usiku huishusha pama mpaka puani na kutazama vidole vyake vya miguu. Sijapata kuona watu wanaovijua viatu vya wenzao namna ile.

"Shoga," Bi Kijoli aliniambia siku ya tatu, mikono ikienda mbio kwenye ukindu, "pama za mji huu nyingi nimezisuka mimi. Watu wote hawa nimewafunika mimi. Na nyota yenyewe siijui kama ni mviringo au ina pembe."

"Hujaona hata moja? Na hizo siku za ufunguzi?"

Akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, mgeni rasmi wa wakati huo akacheleweshwa na chakula cha mchana. Cha mchana, shoga! Alipofika majogoo walishawika. Nikafika arobaini na minne, akaja huyu wa sasa, Mheshimiwa Gharibu, kijana bado, akawahi kabisa. Tukashangilia mpaka tukakauka koo. Kisha zikasomwa salamu. Zilisomwa mpaka jua likatuchoma migongo."

"Na safari hii?"

"Safari hii ni wiki ijayo." Mikono ikasimama. "Na macho yangu yanafunga."

Nilimshika kidevu nikamgeuza dirishani. Nikaleta kidole changu kutoka pembeni, kwa upole. Hakukiona mpaka kilipofika mbele kabisa ya pua. Alikuwa na duara dogo tu katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kingo zote giza. Mganga wake alishamwambia kwamba kufikia mavuno hata hilo duara litaziba.

"Nataka kimondo kimoja tu," akasema. "Wenye tamaa na waone mia. Mimi kimoja." Kisha akalia, wala hakujificha, machozi yakidondokea ukindu. Na mimi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma, ndivyo nilivyo.

"Si uivue tu hiyo pama ukatazame!"

"Niivue mbele ya Shauri?"

Shauri ni mwanawe wa pekee. Shauri wa Kijoli, maana kule mtu huitwa kwa jina la mama yake. Alikuwa Mshika Itifaki wa nchi nzima: yeye ndiye msomaji wa orodha ya salamu na yeye ndiye mwenye kalamu ya kufutia. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Kila jioni alikuja kumwamkia mama yake, akampikia uji, akampulizia upoe. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Nilipomweleza habari za macho, alinijibu kwa sauti ya chini: "Najua, mama mkunga. Nimeliomba Baraza la Anga waanze mapema. Njoo kesho usikilize mwenyewe."

Nikaenda. Baraza la Anga lina wajumbe kumi na wawili, na mwenyekiti wake ni Msajili wa Anga, Bwana Mbaruku, mtu mwembamba anayetembea na mkasi wa dhahabu kiunoni kwa ajili ya kukatia utepe. Ombi la Shauri halikujadiliwa, kwa sababu jambo lililotangulia kwenye ajenda lilikuwa zito: kimondo kitakachopita kabla ya mgeni rasmi kufungua anga kiitweje?

Mjumbe mmoja akasema kiitwe mvamizi. Mwingine akasema hapana, huo ni ukali, kionekane tu kuwa kimepita bila hadhi. Bwana mmoja mnene, aliyekuwa akisinzia, akaamka na kupendekeza vimondo vitengewe sehemu ya kusubiria, yenye kivuli. Wakapiga kura juu ya kivuli. Ndipo Msajili akawatuliza kwa kutangaza kwamba ofisi yake ilishaviandikia vimondo barua, kuviomba vianze baada ya salamu.

"Vimejibu?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Havijajibu," akasema Msajili, akitabasamu. "Na kwa mujibu wa kanuni zetu, asiyejibu kwa siku kumi na nne amekubali."

Wajumbe wakapiga makofi. Nikasimama, nikawaambia kwamba nyota ni kama uchungu wa uzazi, ukifika umefika, hauna habari na meza kuu ya mtu. Karani akaandika, nami nikachungulia. Aliandika: "Mgeni ametupongeza." Jambo la mwisho lililopitishwa siku ile ni vimondo vya akiba. Endapo vile halisi vitakiuka makubaliano na kupita mapema, kikosi cha zimamoto kipande mnarani na vikapu vya makaa ya moto, kimrushie mgeni rasmi kitu cha kutazama.

Wiki ikapita. Asubuhi ya siku yenyewe Shauri alikuja kupiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nakuomba. Nimezipunguza salamu kadiri ya uwezo wangu. Mheshimiwa akiwahi, utaona. Ila usivue pama kabla. Ukivua nitatakiwa nikufute, na mimi siwezi."

"Nani kakwambia nitavua?" Bi Kijoli akamshika kichwa. "Siwezi kukuaibisha, mwanangu." Alimaanisha. Nilimwona usoni, alimaanisha kabisa.

Jioni uwanja ulijaa watu kama elfu nne, wote wameketi kwa safu kuielekea meza kuu, na katikati ya meza kuu kiti kimoja kitupu chenye mto mwekundu. Pama elfu nne zimeshushwa. Ungepita juu ungedhani ni shamba la uyoga. Mimi na Bi Kijoli tulikuwa safu ya saba, kwenye mkeka. Alivaa kanga mpya na wanja, maskini, kana kwamba ni yeye atakayetazamwa.

Shauri akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni rasmi yuko njiani." Makofi. Ikapita saa nzima. "Mheshimiwa mgeni rasmi yuko njiani zaidi." Makofi makubwa zaidi. Ikapita saa nyingine, safari hii akasita. "Mheshimiwa mgeni rasmi amefika darajani."

Hata mimi mgeni nikaelewa. Daraja halijazinduliwa, kwa hiyo msafara hauwezi kupita juu yake. Anayeweza kulizindua ni mgeni rasmi, naye yuko ng'ambo. Na kanuni inataka azindulie upande huu, mbele ya meza kuu, baada ya salamu. Bwana Mbaruku akaitisha kikao cha dharura hapohapo jukwaani.

Wakati wanajadili, vikaanza. Niliona kwa pembe ya jicho mwanga umepita kwenye nyasi mbele ya miguu yangu, haraka. Kisha mwingine. Kisha ukaja mkubwa ambao sijui niuelezeje: uwanja mzima ukawa mweupe, vivuli vya pama elfu nne vikaonekana chini, vyeusi tii, vikasogea vyote kwa pamoja kutoka kushoto kwenda kulia, vikapotea. Na watu elfu nne, macho yao yakitazama viatu, wakasema kwa sauti moja: "Looo!"

Ebo! Kwenye jukwaa ikawa kizaazaa. Wamevunja sheria au hawajavunja? Mjumbe mmoja akasema kushangaa kabla ya ufunguzi ni kosa. Yule mnene akasema watu hawakushangaa anga, wameshangaa vivuli, na vivuli havijakatazwa. Wa tatu akadai mwanga ukishaanguka kwenye nyasi ni mali ya Idara ya Malisho. Wakaagiza aitwe mtu wa Malisho.

Bi Kijoli alinivuta mkono. "Mmeshangaa nini?"

"Mwanga. Umepita kwenye nyasi. Hukuuona?"

"Sikuona." Akageuza kichwa huku na huku, akizitafuta nyasi. "Hata huo wa chini sikuuona, shoga. Wote mmeona, mimi sikuona hata wa chini."

Nilisikia anavyopumua. Kisha akafungua kamba ya kidevuni, taratibu, akaivua pama, akaiweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akainua uso juu. Na mimi nikaivua yangu, nikaitupa, sijui hata iliangukia wapi.

Jamani. Nimesema sitii chumvi, na sitii. Anga lilikuwa limejaa nyota mpaka zinasukumana, na katikati yao vimondo vinachomoka: kimoja, viwili kwa pamoja, kingine kirefu chenye mkia wa kijani, kingine kifupi kama mtu kawasha kiberiti kikazima.

"Kile!" nikamwambia. "Kushoto!"

Akageuka kushoto. Kimeshapita.

"Kulia, juu!"

Akageuka. Kimeshapita. Alikuwa na tundu dogo la kutazamia, na vimondo havingoji mtu alete tundu lake. Nikahesabu tisa vilivyopita, na vyote tisa akavikosa. Mimi naropoka "kile, kile," yeye anazungusha shingo, na machozi yanamziba hata hicho kidogo alichobakiwa nacho.

"Mshika Itifaki," ikasikika sauti ya Bwana Mbaruku kwenye kipaza sauti. "Kuna kichwa wazi safu ya saba. Kitambue."

Shauri aliangalia. Hakuna safu iliyogeuka, lakini niliona pama zote zinasikiliza.

"Ni msusi wa pama," akasema.

"Jina."

Kipaza sauti kikavuma kabla hajajibu. "Kijoli wa Mwanatenga."

"Futa."

Nadhani alisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. Uwanja mzima ulisikia kalamu ikikwaruza karatasi, mara moja, na baada yake sauti ya mwanamume mzima anayevuta kamasi.

"Na mgeni wake?" akauliza mjumbe mmoja.

"Mgeni hakuwahi kuingizwa kwenye orodha," akajibu Msajili. Kumbe siku zote hizo sikuwepo.

Waliokuwa wameketi karibu nasi wakasogeza mikeka yao, polepole, kama watu wanaokwepa moshi. Bi Kijoli alisikia yote. "Nimeshakwisha," akasema, "na hata hicho kimoja sijakiona."

Hapo ndipo akili ya kazi yangu iliponirudia, nikajiona mpumbavu. Miaka yote hiyo nawaambia wanawake wasikimbizane na uchungu, halafu mimi namkimbiza bibi wa watu mbingu nzima! Nikamlaza chali, kichwa chake mapajani mwangu, nikakishika kwa mikono miwili kisitikisike.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Usikitafute. Chagua mahali pamoja, tulia hapo. Vipo vingi. Kimoja kitapita njia yako."

"Na kisipopita?"

"Pumua."

Akapumua. Tukakaa. Niliviona vikipita kushoto na kulia, nikajiuma ulimi. Miguu ikafa ganzi. Jukwaani mtu wa Malisho alikuwa amefika na anasomewa salamu. Nilikuwa nimeanza kuomba, na mimi si mtu wa kuomba ovyo, niliposikia kichwa kile mikononi mwangu kimeshtuka.

"Ah," akasema. Sauti ndogo. Naijua sauti ile. Huitoa mama anapowekewa mtoto kifuani kwa mara ya kwanza, hajajua kama ni wa kike au wa kiume, hajauliza. Juu, palepale alipokuwa akitazama, mstari mwembamba ulikuwa unafifia.

"Umekiona?"

Alikuwa anacheka na kulia pamoja, amenishika viganja, na hakutaka kutazama tena. Nilimwambia vingine vinakuja. Akafumba macho. "Nilisema kimoja," akasema.

Mheshimiwa Gharibu alifika alfajiri, anga limeshakuwa rangi ya maziwa. Mwisho wa mambo walimbeba mgongoni kuvuka mto, aliyembeba akateleza, wakaingia majini wote wawili. Alikuja amelowa mpaka kiunoni, mzee mfupi mwenye heshima zake, viatu vinalia chwa, chwa, chwa mpaka kwenye kiti chenye mto mwekundu. Watu wakapiga makofi kwa mikono iliyokufa ganzi. Msajili akawapungia zimamoto, nao kule mnarani wakaanza kurusha makaa. Kaa moja likaangukia turubai la meza kuu, nalo likaanza kuungua, na kwa kuwa zimamoto wote walikuwa mnarani, ilibidi lizimwe kwa chai ya mgeni rasmi.

Ukabaki utambulisho tu, kisha utepe ukatwe. Shauri akasimama. Shati lilikuwa limekunjamana kote.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, "anayezungumza nawe ni Mshika Itifaki wa Rasmia, Shauri wa..."

Akakwama.

"Ruka hapo," Msajili akamnong'oneza.

"Siwezi kuruka. Kanuni inataka jina kamili." Akajaribu tena. "Shauri wa..." Akaitazama ile karatasi, palipokwaruzwa. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, na sauti ikamtoka kubwa mpaka kipaza sauti kikalia. "Shauri wa Kijoli! Na Kijoli yupo! Yupo pale safu ya saba, kichwa wazi, amepigwa na baridi usiku kucha na hajala tangu jana!"

Mheshimiwa Gharibu akamgeukia Msajili. "Huyo Kijoli ni nani?"

"Hayupo, Mheshimiwa."

"Sawa. Amefanya nini huyo asiyekuwepo?"

"Ametazama juu kabla yako."

Mzee akanyanyuka. Msajili akamkabidhi mkasi, akadhani ndio wakati, mzee akampita. Akashuka ngazi, chwa, chwa, akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kwenye mkeka wetu. Akachuchumaa kwa shida, suruali inachuruzika maji.

"Bibi, hujambo."

"Sijambo, baba," akajibu Bi Kijoli.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Vingapi?"

"Kimoja."

Mheshimiwa akatazama juu. Kulikuwa kumekucha, kunguru wawili wanapita. Akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu: "Mwaka ule nilifungua anga hili, na leo nimekuja kulifungua tena. Katika hotuba yangu kuna mahali nasema 'mandhari adhimu.' Huwa naongeza sauti hapo. Wallahi, bibi, sijui ninasema nini. Huwa kinakuwaje?"

Bi Kijoli akapapasa mpaka akaupata mkono wake. Akaukunja mkono wa shati, mkunjo mmoja, miwili, mpaka kiwikoni. Akaweka ncha ya kidole, kile kidole kigumu cha kusukia, kwenye kiwiko, akakitelezesha mpaka kiganjani, mara moja, haraka na kwa wepesi kiasi kwamba vinyweleo vya mkono wa mzee vilisimama.

"Hivyo," akasema.

"Basi?"

"Basi."

Mzee akautazama mkono wake. "Tena," akasema, na Bi Kijoli akarudia.

Nilipogeuka, Shauri alikuwa ameshaketi kando yao kwenye mkeka, amekunja shati lake, ameunyoosha mkono anangoja zamu. Nyuma yake akaja yule mjumbe mnene. Nyuma ya mnene wakaja safu ya sita wote, wakiburuta mikeka yao kurudi pale walipoihamisha, wanavua pama, wanakunja mikono. Bwana Mbaruku alibaki jukwaani peke yake na mkasi wake. Akauliza kwenye kipaza sauti ni nani aliyeifungua foleni ile. Akauliza mara ya pili. Hakuna aliyegeuka.